Asali imetoa povu, duka limekataa: tuanze na nini?

"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha kina mama wilayani Manyoni. Wengi tuna mizinga ya mbao, wachache bado wana ya magogo. Kila mwanachama analeta asali yake kwenye ndoo, tunaimimina pamoja, tunaichuja kwa kitambaa, kisha tunajaza kwenye chupa za maji tulizoziosha. Msimu uliopita chupa nyingi zilitoa povu na nyingine zilirusha kizibo. Tulipopeleka Dodoma, mwenye duka akasema hapokei kitu kisicho na alama ya TBS. Kijana mmoja anatuambia tukipata ile mistari ya msimbomilia inatosha. Mwingine anasema tuichemshe asali ili isitoe povu tena. Shemeji yangu anasema asali haiozi, kwa hiyo sheria za vyakula hazituhusu. Fedha tuliyonayo ni kidogo. Tuanze na nini? Na hiyo TBS si ya viwanda vikubwa?"

Marahaba. Naona mnahangaika na mambo mawili, asali inayoharibika na vibali vinavyokosekana, na mnayaona kama shida mbili. Mimi naiona moja. Kinachorusha vizibo vyenu ndicho hicho hicho maabara ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, itakipima kabla ya kitu kingine, nacho ni maji yaliyomo ndani ya asali. Mkiyadhibiti maji, sehemu ngumu ya safari mtakuwa mmeipita, na zinazobaki ni fomu, chumba na lebo. Mkianza na fomu huku asali bado haijaiva, sampuli itaanguka na mtarudi mlipo mkiwa mmechoka.

Nianze na shemeji yako, maana ana ukweli nusu. Asali iliyoiva kweli haiozi. Nyuki huleta mzingani maji matamu ya maua ambayo mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji matupu. Wanayapepea kwa mabawa usiku na mchana mpaka yabaki kama asilimia 17 au 18, ndipo wanaziba kila tundu la sega kwa nta nyembamba. Hapo sukari imekuwa nzito kiasi kwamba kijidudu kikiingia kinanyonywa maji yake mwenyewe na hakiwezi kuzaliana. Ulinzi wa asali uko hapo, pamoja na uchachu wake wa asili.

Lakini ndani ya kila asali, hata iliyo safi kabisa, mna chachu, vijidudu vya kuchachusha, zilizotoka kwenye maua na kwenye mzinga. Zimezoea sukari nyingi kuliko chachu za kawaida. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 17 hivi, zimelala. Ukifika 18 au 19, inategemea ni nyingi kiasi gani. Ukivuka 20, zinaamka karibu kwa hakika, zinakula sukari na kutoa pombe na gesi. Gesi ndiyo povu lenu, ndiyo iliyorusha vizibo. Hapo Singida mnawajua watengenezaji wa wanzuki, pombe ya asali: wanaongeza maji kwenye asali kwa makusudi ili kazi hiyo hiyo ifanyike. Chupa zenu zilikuwa zinageuka wanzuki bila ninyi kutaka.

Kwa hiyo sheria inawahusu. Kiwango cha kimataifa cha asali cha Codex, namba 12 cha mwaka 1981, kinataka unyevu usizidi asilimia 20, na kinasema wazi kwamba asali isiwe imeanza kuchachuka. Kinataka pia sukari ya kawaida, ile ya miwa, isizidi gramu 5 katika kila gramu 100, na takataka zisizoyeyuka zisizidi gramu 0.1 katika gramu 100, au 0.5 kwa asali iliyokamuliwa kwa kushindiliwa. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha pamoja, EAS 36. Mkifika TBS ombeni nakala ya toleo linalotumika sasa na mlisome pamoja kikundi kizima, maana hilo ndilo mtakalopimwa nalo.

Sasa maji yenu yanaingilia wapi? Kwa maelezo yako naona milango minne, na yote mnaweza kuifunga kwa gharama ndogo.

Wa kwanza, na mkubwa kuliko yote, ni kuvuna mapema. Sega ambalo matundu yake bado yako wazi lina asali ambayo nyuki hawajamaliza kuikausha. Chukueni sega ambalo angalau robo tatu yake imezibwa kwa nta, na lililo wazi liacheni mzingani. Kwenye mizinga ya mbao yenye fremu ni rahisi: unalinyanyua, unaliona, unalitikisa kidogo juu ya mzinga, na likidondosha matone unalirudisha. Kwenye mzinga wa gogo ni vigumu zaidi kwa sababu mvunaji anafanya kazi gizani na kwa haraka, akikata kila anachokutana nacho. Basi mchambuo ufanyike palepale chini ya mti: ndoo moja ya masega yaliyozibwa, nyingine ya yaliyo wazi, na yenye majana (watoto wa nyuki) na chavua yasiguse kabisa asali ya kuuza. Majana yakikamuliwa humo yanaongeza maji na uchafu, na asali inabadilika ladha ndani ya wiki chache. Ninyi wa Manyoni mna bahati ya hali ya hewa. Mvua zikishakatika, vichaka vya Itigi vinakauka na hewa inakuwa kavu. Mkingoja mvua ziishe vizuri ndipo mvune, nusu ya kazi imefanywa na jua.

Mlango wa pili ni ndoo zilizo wazi. Asali hunyonya unyevu wa hewa, kama chumvi inavyolowa jikoni wakati wa masika. Ndoo ikikaa usiku mmoja bila mfuniko mzuri, tabaka la juu linapata maji, na povu linaanzia hapo juu kisha linashuka. Wa tatu ni chupa. Mmeziosha, vizuri, lakini chupa ya maji ina shingo nyembamba na haikauki ndani kwa urahisi. Matone machache yaliyobaki chini yanatosha kuamsha chachu. Wa nne ni kule kumimina asali yote pamoja. Mwanachama mmoja aliyevuna mapema analeta ndoo yenye asilimia 23 na chachu zilizokwisha kuamka, inamwagwa kwenye asali ya wenzake iliyoiva, na msimu mzima unaharibika bila mtu kujua umetoka kwa nani.

Kwa hilo la mwisho nawashauri manunuzi yenu ya kwanza yawe kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia unyevu, refraktomita. Hakikisheni ni ya asali, yenye mistari inayosoma asilimia ya maji, kwa kawaida kuanzia 12 hivi hadi 27, isiwe ile ya kupimia juisi. Unadondosha tone moja kwenye kioo, unafunika kwa kifuniko chake taratibu pasiwe na kiputo cha hewa, unasubiri kidogo, kisha unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Utaona sehemu mbili, ya buluu na nyeupe. Mahali zinapokutana ndipo unaposoma. Tone liwe la asali iliyo maji, maana punje za asali iliyoganda zinadanganya usomaji, na koroga ndoo kwanza ili usipime tabaka la juu peke yake. Kisha daftari: namba ya ndoo, jina la mwanachama, eneo la mizinga, tarehe ya kuvuna, unyevu. Jiwekeeni mpaka wenu wa ndani ulio mkali kuliko wa sheria, mathalani asilimia 18.5. Inayozidi hapo isichanganywe na nyingine. Iuzwe haraka kwa matumizi ya karibuni, au irudi kwa mwenyewe.

Najua hilo la kumrudishia mama mwenzenu ndoo yake ni gumu, hasa kikundi kikiwa cha majirani na mawifi. Lakini likiwa limeandikwa kwenye katiba ya kikundi tangu mwanzo, na kifaa kinapima mbele ya wote, hakuna anayeonewa. Daftari hilo hilo ndilo mkaguzi atakaloliomba siku mteja akilalamika, kwa sababu anataka kujua chupa hii ilitoka ndoo ipi, na ndoo ipi ilitoka mzinga wa nani.

Kuhusu kuchemsha: msifanye. Moto wa sufuria unaua chachu, ni kweli, lakini hauondoi pombe na uchachu uliokwisha kutengenezwa bila kuunguza asali yenyewe. Joto kali linavunja sukari na kuzalisha kemikali iitwayo HMF, ambayo maabara huipima ili kujua kama asali imepikwa au imezeeka. Kwa asali inayotoka nchi za joto kama yetu, Codex inaruhusu hadi miligramu 80 kwa kilo, kwingine 40. Sisi tumeongezewa nafasi kwa sababu hata joto la ghala tu linaipandisha, kwa hiyo hatuna ziada ya kuchezea jikoni. Asali iliyoganda ikihitaji kulainishwa, iweke ndoo ndani ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia bila taabu, nyuzi 40 hadi 45, na uipe muda. Ile iliyokwisha kutoa povu msiiuze tena kama asali ya mezani. Wapo watakaoinunua kwa ajili ya wanzuki, mradi muwaambie wazi ilivyo.

Na kwa kuwa wateja wa mjini watawauliza: kuganda si dalili ya kuchanganywa na sukari. Karibu kila asali safi huganda, nyingine baada ya wiki, nyingine baada ya miezi, kutegemea maua. Vile vipimo vya kijiti cha kiberiti, vya kumwaga mchangani na vya kuangalia kama sisimizi wanaifuata havitambui chochote cha maana. Inaniuma kuona mfugaji mwaminifu akipoteza soko kwa kiberiti.

Sasa TBS. Zamani chakula kilikuwa chini ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umehamia Shirika la Viwango Tanzania, na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Ndiyo maana baadhi ya watu bado wanawatuma kwenye ofisi isiyohusika. Kwa TBS mtakuwa na mambo mawili: jengo mnalofanyia kazi lisajiliwe, na bidhaa yenyewe ipimwe mpaka ipate leseni ya kutumia alama ya ubora.

Si ya viwanda vikubwa peke yake. Upo utaratibu maalumu wa wajasiriamali wadogo, na mlango wake ni SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo. Mnakwenda ofisi ya SIDO ya mkoa, wanawatembelea au kuwashauri, kisha wanawapa barua ya utambulisho kwenda TBS. Kwa barua hiyo gharama za ukaguzi, upimaji na leseni za kipindi cha mwanzo hubebwa na serikali. Wengi wanalipa, au wanakata tamaa, kwa sababu tu walikwenda moja kwa moja bila barua. Kabla ya hapo mtahitaji kikundi kiwe na jina lililosajiliwa, TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, na watakaogusa asali wawe wamepimwa afya. Hayo ni ya kawaida na ofisi za halmashauri zitawaelekeza.

Msimbomilia ni jambo jingine kabisa. Ile mistari inatolewa na GS1, shirika la kimataifa la namba za bidhaa, na kazi yake ni kuisaidia mashine ya dukani kuitambua bidhaa na bei yake. Namba zinazoanza na 620 zinaonyesha tu kwamba mwenye namba amesajiliwa GS1 Tanzania. Msimbomilia hausemi lolote kuhusu usafi wala unyevu. Duka kubwa litauhitaji, kwa hiyo mtaununua, lakini mwisho wa safari. Na kwa vyovyote msikubali mtu awauzie namba ya bidhaa ya mtu mwingine au awachapie alama ya TBS kabla ya leseni. Hilo ni kosa la jinai, na jina la kikundi likichafuka kwa hilo itachukua muda mrefu kulisafisha.

Chumba cha kazi hakihitaji kuwa kikubwa. Mkaguzi anataka sakafu na kuta zinazosafishika, dari isiyomwaga vumbi, madirisha yenye wavu, taa iliyokingwa, maji na sabuni ya kunawia mlangoni, na choo kilicho mbali. Anataka kuona asali inaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine bila ndoo chafu kupishana na chupa zilizojazwa. Wanaoanguka wengi wanaanguka kwa sababu chumba kinatumika pia kama stoo: pembeni kuna gunia la mahindi, baiskeli, na bomba la kupulizia dawa ya shambani. Chumba cha asali kiwe cha asali tu. Ndoo ziwe za plastiki iliyotengenezwa kwa chakula, zisiwe zilizowahi kubeba rangi au dawa. Epukeni mabati yenye zinki na vyombo vya shaba, kwani asali ina uchachu na hula madini hayo polepole; chuma cha pua ndicho salama. Kitambaa cha kuchujia badilisheni kwa chujio la nailoni au la chuma cha pua, maana kitambaa huacha nyuzi na hakikauki. Baada ya kuchuja, iacheni asali itulie siku moja au mbili kwenye chombo kilichofunikwa ili vipande vya nta vielee juu, mviondoe, ndipo mjaze.

Chupa za maji zilizotumika mziache kabisa. Nunueni mpya, zenye mdomo mpana na kizibo kinachofunga vizuri. Kwenye lebo andikeni uzito kwa gramu au kilo, msiandike ujazo. Lita moja ya asali ina uzito wa takribani kilo 1.4, na mauzo ya lita ndiyo yanayowapunja wafugaji kwa madalali wanaokwenda kuuza kwa kilo. Wakala wa Vipimo atakagua mizani yenu na hicho mlichoandika. Lebo iwe na jina asali, uzito halisi, jina na anwani yenu, nchi, namba ya toleo, tarehe, na namna ya kuhifadhi. Msiandike kwamba inatibu vidonda vya tumbo, kisukari au nguvu za kiume. Ukidai tiba, umekifanya chakula kuwa dawa mbele ya sheria, na hamna leseni ya dawa. Mkitia tangawizi, mdalasini au habasoda, hiyo si asali tena kwa mujibu wa kiwango. Ni bidhaa nyingine yenye jina lake na usajili wake. Asali ya nyuki wadogo pia itengeni, maana kwa asili ina maji mengi zaidi na haiwezi kupimwa kwa mpaka huu.

Jambo moja liandikeni kwa herufi zinazoonekana hata kama hakuna anayewauliza: asali isipewe mtoto aliye chini ya miezi 12. Asali safi kabisa inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima linazizuia, la mtoto mchanga bado haliwezi, na zikichipua humo hutoa sumu inayolegeza misuli. Kuchuja hakuziondoi, na joto la jikoni haliziui. Najua nyumba nyingi zinalambisha watoto asali kwa upendo na kwa desturi. Mtoto aliyelambishwa akipata choo kigumu kwa siku kadhaa, akinyonya kwa udhaifu, sauti ya kilio ikififia au shingo ikilegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe kuhusu asali.

Je, ni lazima mfike kwenye chupa zenye alama? Hapana, na ni haki niseme hivyo. Mnaweza kuuza kwa ndoo kwa mchakataji mwenye leseni. Bei itakuwa ndogo, lakini hamtakuwa na chumba, lebo wala chupa za kuhangaikia, na mnunuzi mzuri huongeza bei akiona daftari lenye unyevu. Mnaweza pia kuulizia kama halmashauri au ushirika wa karibu una kituo cha kuchakata asali kilichokwisha sajiliwa, mkalipia huduma badala ya kujenga. Kwa kikundi chenye fedha kidogo, mimi ningeuza kwa ndoo msimu mmoja huku nikipima kila ndoo, na faida yake nikaijengea chumba. Mkianza na chumba kabla ya kujua kama wanachama wote wanaweza kuleta asali iliyoiva, mtakuwa mmeweka fedha zote mahali pasipo na shida.

Yapo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Mwiteni afisa nyuki wa wilaya aje mzingani, hasa kama mizinga iko karibu na mashamba ya pamba, alizeti au tumbaku yanayopuliziwa dawa, kwa sababu nyuki huruka kilomita 3 na zaidi na anahitaji kuliona eneo. Chumba mwonyesheni mtaalamu wa SIDO au wa TBS kikiwa bado mchoro, kabla hamjamwaga zege. Ofisi ya TBS ya Kanda ya Kati iko Dodoma. Na kama unyevu unaendelea kuzidi 20 hata kwa masega yaliyozibwa, pelekeni sampuli maabara kabla ya kuendelea kuuza, kwa kuwa hapo huenda kifaa chenu hakijawekwa sawa au kuna mtu anaongeza maji. Afisa nyuki mwombeni aje kabla ya mavuno yajayo, wakati mizinga bado imejaa na kila mwanachama anaweza kuonyeshwa kwa macho sega la kuchukua na la kuacha.